Kimo cha Kifua

Mti haupimwi mguuni, alisema Mwalimu Kipangula,
wala haupimwi shingoni.
Mguuni umevimba, shingoni unajigawa.
Panda mita moja na sentimita thelathini kutoka ardhini,
hapo mtu mzima angeukumbatia.
Kitaalamu: kimo cha kifua.

Tulikuwa kumi na tisa msituni Pugu, buti za kuazima,
Lomayani wa Longido akiucheka utepe wangu uliopinda:
"Siwema, unaupima mti au unaushonea gauni?"
Niliandika: myombo, sentimita ishirini na saba.
Niliandika: kisiki. Kisiki. Kisiki.
Kisiki hakina kifua. Kina safu yake ya mwisho kwenye fomu,
na mkono huzoea
kama mkono wa karani wa vifo.

Jioni nikarudi Vingunguti.
Mama yuko pale pale, kati ya genge la nyanya na fundi pasi,
Bi Havijawa wa mkaa,
makopo matatu mbele yake: la elfu moja, la mia tano,
na lile lililobonyea kwa nje tu, likajaa kupita kiasi,
la watu anaowaonea huruma.
Anakohoa, anageuza uso, anasema ni vumbi la barabara.

Begini nina kitini: Sheria na Taratibu za Mazao ya Misitu.
Nina risiti ya ada ya muhula wa pili,
noti ambazo mashine ya benki ilizitema mara mbili
kwa weusi,
mpaka dada wa dirishani akazifuta kwa kitambaa, moja moja,
bila kuniuliza kitu.

Wiki ya sita tukapelekwa kwenye kizuizi, barabara ya Kisarawe.
Afisa alitufundisha kusoma kibali,
kukagua muhuri wa nyundo,
kutofautisha baiskeli iliyolemewa na viazi
na ile iliyolemewa na usiku.
Akaja kijana na magunia manne. Hakuwa na karatasi.
Niliyajua magunia kabla sijaujua uso:
kamba ya kijani, mizunguko mitatu na kitanzi,
fundo la Kondo, anayemshushia mama kila Alhamisi.

"Mwanafunzi, jaza fomu."
Jina la mtuhumiwa. Nikaandika.
Aina ya zao. Nikaandika.
Mahali linakopelekwa.
Kalamu ikasimama hapo mpaka wino ukaota doa.
Kondo akaniangalia, akaangalia pembeni,
akasema, "Andika sokoni, dada. Soko ni kubwa."

Mtihani ulipofika, swali la nne lilikuwa hili:
ikiwa tanuri la udongo hutoa kilo kumi na tano za mkaa
kwa kila kilo mia za kuni,
gunia la kilo hamsini limekula kuni kiasi gani?
Mia tatu thelathini na tatu na kitu.
Nilipewa alama zote.
Hakuna aliyeniuliza hicho kitu ni nini.

Usiku ule mama alikuwa amelala kwa kuketi,
ndivyo kifua kinavyomruhusu siku hizi.
Nikautoa utepe, sijui kwa nini,
nikaupitisha chini ya kwapa zake taratibu
kama ninavyoupitisha nyuma ya shina lenye siafu.
Akafumbua jicho moja.
"Unanipimia sanda?"
"Gauni," nikasema. "La mahafali."
Akanyamaza kidogo, akihesabu, namjua akihesabu.
"Basi liwe jeusi," alisema,
"nisije nikalichafua."